Haki ya Kukejeli, Wajibu wa Kuzika: Utani wa Makabila katika Mawasiliano Kazini

Mada kwa semina ya watumishi wapya na wasimamizi wao



Nimepewa kuzungumzia namna utamaduni wa mtu unavyoingia katika mazungumzo yake na watu wa asili nyingine. Ni shamba kubwa, na mwenye kutaka kulilima lote kwa saa moja ataishia kukwangua juu juu. Nimechagua kona moja tu, utani wa makabila. Kila aliyemo humu ukumbini anaujua, na wengi wenu mmeshatupiana maneno tangu asubuhi pale kwenye meza ya kujiandikisha, nilikuwa nasikiliza. Hoja yangu ni kwamba siku hizi tunautumia nusu, na nusu tuliyoitupa ndiyo iliyokuwa inaibeba ile tuliyobaki nayo.

Mara ya mwisho sensa ya Tanzania kuuliza watu kabila lao ilikuwa 1967. Tangu hapo Serikali haihesabu makabila, ingawa tunaambiwa yapo zaidi ya 120. Hata hivyo mwalimu mpya akiripoti kituoni, kabla hajaonyeshwa nyumba, atakuwa ameshaulizwa: "Kwani wewe kabila gani?" Ziko nchi ambako swali hilo likiulizwa kwenye kizuizi cha barabarani usiku, mtu huanza kusali. Kwetu, mara nyingi, muulizaji anatafuta pa kuingilia. Akijibiwa "Mngoni" na yeye ni Mhehe, adabu za ugeni zinaishia hapo hapo. Mngoni atauliza yule mbwa aliyefungwa uani kwa mwenzake ni mlinzi au ni kitoweo. Mhehe atamkumbusha kwamba babu yake alitoka Uhehe mbio, hata ngao hakuirudia. Watu wawili wasiojuana wameshapata la kuzungumza, na kila mmoja ameshamwonyesha mwenzake kuwa anamjua atokako.

Angalieni kilichofanyika. Tofauti yao haikufichwa. Imewekwa mezani tangu mwanzo, tena kwa sura yake mbaya kuliko zote, ili isije ikajitokeza baadaye kwa mlango wa nyuma. Vitabu vingi vya mawasiliano vinatufundisha kunyamazia tofauti zetu kwa heshima. Wazee wetu waliona afadhali zisemwe kwa sauti na kwa kicheko, ila walichagua nani aziseme na lini.

Utani huu haukutoka hewani. Nyuma ya ule wa Wangoni na Wahehe kuna damu: mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 mataifa haya mawili yalipigana vita vikali, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Waliochoka kuuana waliendelea kuchokozana kwa maneno. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambamo Wasukuma nao huhesabiwa, huelezwa kwa njia nyingine, ile ya misafara ya karne ya 19. Wapagazi kutoka Tabora walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na hatua za mwisho kabla ya bahari zilipita nchi ya Wazaramo. Mpagazi aliyeshikwa na homa njiani alihitaji mtu wa kumpokea, na aliyekufa alihitaji wa kumfukia. Ndugu zake walikuwa mwendo wa wiki nyingi nyuma. Wapare na Wachaga, wao ni majirani tu, wamekaa wakitazamana kwa muda mrefu kiasi cha kujua kila aibu. Ndiyo maana Mpare husemwa atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na Mchaga hudondoshewa sarafu kwanza kabla daktari hajathibitisha kwamba amefariki.

Wataalamu waliliona jambo hili mapema. Mmoja wa walioandika kwa kina juu ya utani wa Tanganyika, katika miaka ya 1940, alikuwa R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Milima ya Usambara. Mtu aliyezoea kuchunguza ndege akaona watu wanatukanana na kucheka, akaacha darubini kidogo akachukua kalamu. Wanazuoni wa baadaye walitoa nadharia nyingi nisizozirudia hapa. Ninalotaka mlichukue kutoka kwao ni moja: wengi wao walikuta kwamba utani ulikuwa na kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa msibani.

Nitakaa kidogo hapo msibani, kwa sababu vijana wengi mliozaliwa mjini hamjauona utani ukiwa kazini.

Mtu amefariki. Ndugu wa damu wameishiwa nguvu, wanalia. Mtani anafika. Anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, na waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka huku machozi yakiendelea kushuka. Anaingia bandani anakamata kuku bila kuomba, na hakuna wa kumwita mwizi. Kaburi likiisha kuchimbwa anaweza kujilaza ndani na kugoma kutoka mpaka alipwe, na wafiwa hulipa. Kama familia ilimtelekeza marehemu alipokuwa mgonjwa, mtani ndiye atakayelisema hilo mbele ya kadamnasi, kwa mzaha unaochoma, na mkubwa wa ukoo atainamisha kichwa. Jirani wa kawaida akisema neno hilo hilo, watu watashikana mashati. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyeshika jembe, ndiye anayepasua kuni, ndiye anayehakikisha wageni wamekula. Miongoni mwa Wakaguru, ambako utani ni wa koo, mtani ana kazi pia ya kuisafisha nyumba iliyopatwa na kifo. Ndugu wenyewe hawawezi kujisafisha.

Kwa hiyo utani ni mkataba, na nalisema hili kwa uzito. Upande mmoja kuna haki ya kukejeli na kuchukua bila kukasirikiwa. Upande wa pili kuna wajibu wa kuja siku mbaya na kufanya kazi ambazo wengine hawaziwezi. Mkataba huo ni wa pande mbili, wa kupokezana: leo unamcheka Mzaramo, kesho atakucheka wewe, na hakuna cheo kinachokukinga. Tena wahusika wanajulikana. Mhehe hana utani na kila kabila, na huwezi kujifanya mtani wa mtu kwa sababu tu umechangamka.

Sasa turudi ofisini. Katika kituo kimoja cha kazi nilichowahi kutembelea, bosi alikuwa na desturi ya kumtambulisha dereva wake kwa wageni: "Huyu Msukuma wetu, mkimpa michembe atawapeleka hadi Kongo." Watu walicheka, na dereva alicheka pia. Nilikaa pale muda wa kutosha kuona kwamba dereva hakuwahi kumrudishia bosi neno hata mara moja, ingawa kabila la bosi lina vioja vya kujaza lori. Asingethubutu. Pale palikuwa na madaraka yaliyovaa nguo za utani. Dereva alicheka kama anavyoitikia "ndiyo mzee", kwa sababu barua yake ya likizo inapitia meza ile.

Msichana wa Kihaya anayeambiwa kila siku kwamba anajivuna, ati kwa sababu amezungumza Kiingereza kikaoni, yuko katika hali hiyo hiyo. Wale wanaomwambia wengi wao si watani wake kwa jadi yoyote, wala hawatachimba kaburi kwao. Mbaya kuliko yote ni yale wanayorushiwa wenzetu wenye ualbino. Katika miaka ambayo waliwindwa na kuuawa kwa ajili ya ushirikina, walipita mitaani wakiitwa "dili", na waliowaita hivyo walisema wanatania. Mwenye ualbino angemrudishia nini mtu anayemwambia kwamba viungo vyake vina bei?

Kundi la WhatsApp la idara nalo limeleta shida yake. Utani wa zamani ulikuwa wa ana kwa ana. Mtani aliona uso wa mwenzake ukibadilika, akajua pa kukomea. Kwenye simu kejeli inasambazwa kwa watu sitini, ambao hamsini kati yao hawahusiki na mkataba ule, na aliyelengwa yuko kwenye daladala anaisoma peke yake. Nakiri kwamba zipo zinazochekesha kweli. Kuchekesha peke yake hakukidhi mkataba ule.

Kuna wanaosema dawa ni kupiga marufuku mizaha yote ya makabila kazini. Wanatolea mfano Kenya, na mfano huo unastahili kusikilizwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Kabla na wakati wa ghasia hizo maneno ya mafumbo yalifanya kazi kubwa. Katika Bonde la Ufa majirani waliotoka makabila mengine waliitwa "madoadoa", na doa, kama mjuavyo, hufutwa. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ikaunda tume ya kusimamia na kuweka adhabu kwa maneno ya chuki. Sioni kosa katika sheria hiyo. Nchi iliyozika watu kiasi hicho ilikuwa na haki ya kuitunga. Lakini sheria hujua kumfunga mtu mdomo, haijui kumtuma msibani kwa jirani. Vijana wa Nairobi wenyewe, kwenye mchongoano wao, mchezo wa kutupiana kejeli, wanalielewa hili kuliko wanasheria: ukichongoa lazima ukubali kuchongolewa, na anayekasirika ameshindwa.

Niger wamekwenda njia tofauti. Mwaka 2014 utani wao wa makabila na koo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, kama chombo cha amani kinachopaswa kurithishwa kwa vijana. Sisi tuna kitu kilekile, na nguvu nyingi tumeipeleka Kariakoo, kwa Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, ambazo magazeti hayachoki kuziita watani wa jadi. Hata huko, angalau, timu zinapokezana kufungwa.

Napendekeza mambo machache kwa vituo vyenu. Msimamizi asiwe wa kwanza kumtania aliye chini yake. Asubiri aanzwe, na akianzwa ameze. Mtumishi mpya anapopokelewa aelezwe na mwenyeji mmoja ni nani watani wa kabila lake katika eneo lile, na watu wa pale hawapendi kuguswa wapi. Tusimlazimishe mtu kutaja kabila lake. Wapo wenye wazazi wa makabila mawili, na wapo waliokimbia nchi zao kwa swali hilo hilo. Na mfuko wa rambirambi wa idara, ambao mara nyingi huishia kwenye bahasha na sahihi, uwe na orodha ya watakaokwenda kwa miguu yao kulala matanga. Wachekeshaji wakubwa wa ofisi wawe juu ya orodha hiyo.

Mchana tutagawanyika kwa vikundi. Naomba kila kikundi kianze na mtu mmoja katika kituo chenu ambaye hutaniwa na wote na hana anayeweza kumtania. Msitaje jina lake. Jadilini anachokosa, na nani mwenye madaraka ya kumpatia.