Umri wa Mzee Si Jambo la Kukisia



Ni nadra mkutano wa hadhara kumalizika pasipo mtu kusimama na kutamka kwamba wazee ni hazina ya taifa. Watu hupiga makofi. Mkutano ukishavunjika kila mmoja hushika njia yake, na mzee naye hurudi barazani kwake, pengine akiwa hana hata karatasi moja inayoeleza kwa usahihi yeye ni nani na alizaliwa lini.

Mwezi wa Aprili mwaka 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kutoa Pensheni Jamii kwa wakaazi waliotimiza miaka 70. Hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa. Kwa muda mrefu pensheni ilikuwa ya mtu aliyeajiriwa, ilhali mchuma karafuu, mvuvi, na mama aliyelima muhogo maisha yake yote waliambulia shukrani tu. Pensheni Jamii haimwulizi mzee alichangia kiasi gani. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi shilingi 50,000. Hiyo si sadaka. Ni haki ya watu ambao jasho lao liliijenga nchi.

Lakini haki hiyo ina mlango wake, nao ni umri, na umri husomwa katika kitambulisho. Hapo ndipo penye taabu. Chukua mfano wa bibi mmoja wa shamba, kisiwani Pemba. Alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, wala hakuna aliyekwenda kumwandikisha. Siku alipoandikishwa kwa mara ya kwanza, tayari akiwa mtu mzima, karani alimwuliza mwaka wa kuzaliwa. "Andika tu, mwanangu," akajibu. Karani akamtazama usoni, akaandika 1959.

Kosa hilo lilikaa kimya miaka mingi. Lilifichuka mjukuu wake, aliye mwalimu, alipokuja likizo na kuikuta shoga ya bibi, aliyetiwa chuoni siku moja naye, inapokea pensheni ilhali bibi yake hapokei. Kijana huyo hakumwuliza bibi mwaka. Alimwuliza maisha yake. Sultani Khalifa alipofariki, Oktoba 1960, bibi alikuwa wapi? Alikuwa chuoni, anaanza kusoma alifu. Mapinduzi yalipofika, Januari 1964? Alikuwa akienda kisimani peke yake na kurudi na ndoo ya maji kichwani. Mtoto wa mwaka mmoja hatiwi chuoni, wala wa miaka minne hatwishwi ndoo. Shoga mwenyewe alikuwa na cheti chake cha kuzaliwa, nacho kilisema 1955.

Hesabu yake si ngumu. Kwa kiwango cha shilingi 50,000 kwa mwezi, kila mwaka mmoja uliokosewa ni shilingi 600,000. Miaka minne ni shilingi 2,400,000, ambazo zingepotea kwa sababu karani alikisia na jamaa wakanyamaza.

Ami yake kijana alitoa shauri kwamba, maadam wanasahihisha, basi waandike 1950 ili mambo yawe mepesi. Bibi mwenyewe ndiye aliyekataa. "Miaka yangu yanitosha," alisema. Yafaa maneno hayo yakumbukwe. Anayemwongezea mzee umri ili apate fedha anauibia umma, na siku uongo utakapogunduliwa, atakayeaibika ni mzee.

Wakaenda kwa sheha, pamoja na shoga na mzee mwingine wa mtaa kuwa mashahidi, kisha katika ofisi ya usajili ya wilaya. Huko wakaona kwamba jina la bibi limeandikwa namna mbili katika karatasi mbili. Alama za vidole nazo zilisumbua, kwa kuwa jembe lilikwisha kuvilainisha vidole vyenyewe. Zilihitajika safari tatu. Lau bibi angekwenda peke yake, safari ya kwanza ingekuwa ya mwisho.

Bara nako, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60. Huko pia mzee asiyeweza kuthibitisha umri wake hubaki nje ya hesabu.

Basi wajibu ni wa pande mbili. Mtumishi wa umma akumbuke kwamba neno "njoo kesho", jepesi mdomoni mwake, kwa mzee ni nauli, ni jua, na ni siku nzima ya maumivu ya magoti. Jamaa aliyesoma naye akumbuke kwamba elimu yake ililipiwa na karafuu na muhogo wa wazee hao. Akae na mzee, amsikilize, alinganishe majina katika karatasi zote, afuatane naye hadi dirishani. Na fedha zikitoka, azikabidhi mikononi mwa mwenyewe, zote.

Wala asingoje likizo ijayo. Mashahidi wa mwaka 1955 nao ni wazee, na kila mwaka wanapungua.