Skani Baada ya Saratani ya Matiti

Kutoka Singida hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 700. Kwa mwanamke aliyemaliza matibabu ya saratani ya matiti, safari ya skani ni nauli, malazi na wasiwasi.

Je, kila skani ina faida?

Tafiti mbili za Italia, zilizochapishwa mwaka 1994, zilionyesha kuwa wasio na dalili waliopigwa mara kwa mara picha za kifua na skani za mifupa hawakuishi muda mrefu zaidi ya waliofuatiliwa kwa kliniki na mamografia pekee.

Hivyo miongozo husisitiza mamografia kila mwaka. Ila uvimbe mpya, maumivu ya mifupa yasiyoisha au kukosa pumzi humpeleka mgonjwa hospitali mapema, bila kungoja tarehe ya kliniki.