Tiba ya Vijiwe vya Kibofu cha Paka kwa Lishe na Miti Shamba



Mada niliyokabidhiwa yahusu maradhi yenye kuwaadhibu paka wengi, nayo ni vijiwe vya kibofu cha mkojo. Na rai yangu ni kwamba tiba yake yaanza kwa kukijua kijiwe, kisha chakula na maji, na miti shamba hufuata nyuma kwa hadhari.

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, ambaye kiu yake ni ndogo na figo zake hodari wa kuhifadhi maji, kwani aghlabu maji yake huyapata katika nyama ya windo lake. Basi alishwapo daima chakula kikavu, ambacho maji yake ni yapata asilimia 10 tu, mkojo wake huwa mzito, na madini yaliyomo huweza kugandamana yakawa vijiwe.

Vijiwe hivyo ni vya aina 2 hasa. Cha kwanza ni struviti, mchanganyiko wa magnesiamu, amonia na fosfeti, nacho huyeyuka kwa majuma machache paka apewapo chakula maalumu chenye kupunguza madini hayo na kuutia mkojo asidi kiasi. Cha pili ni oksalati ya kalsiamu, ambacho hakiyeyushwi na chakula, na kikiwa kikubwa sharti kitolewe na mpasuaji. Tena asidi ikizidi mkojoni yaweza kukizalisha. Kwa hiyo amtibuye paka kabla ya kuupima mkojo na kupiga picha ya eksirei huenda akaongeza maradhi kwa nia ya kuyaondoa.

Ama miti shamba, mathalan maji ya ndevu za mahindi, ambayo watu wa nchi nyingi huyanywa ili kuongeza mkojo, haikuthibitika kuyeyusha vijiwe vya paka. Isitoshe, ini la paka lina upungufu wa nguvu ya kuvunja sumu nyingi ambazo ini la mwanadamu huzimudu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu yake, na ua la lili huziua figo zake. Mganga asikadirie dawa ya paka kwa mizani ya mtu.

Paka dume ajikamuaye akilia pasipo kutoa mkojo asipewe dawa yoyote nyumbani, bali apelekwe kwa tabibu saa ile ile, madhali njia yake ya mkojo ni nyembamba, na ikizibika, potasiamu hujaa damuni, moyo ukasimama ndani ya siku chache.

Nashauri, basi, tuwafundishe wafugaji kuwapa paka chakula chenye majimaji, kuweka maji safi mahali pengi nyumbani, na kupima mkojo kila baada ya muda, kwani vijiwe hivi hurejea mara nyingi. Na dawa yoyote ya mti isitolewe ila kwa idhini ya tabibu aliyemkagua mnyama mwenyewe.