Amana ya Mbegu



Hapa Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, twala muhogo kwa dagaa na mawese, nasi twadhani vyote ni vya kwetu tangu azali. Dagaa ndio wa ziwa letu. Mchikichi asili yake ni Afrika ya Magharibi. Ama muhogo, wenyeji wa Amerika ya Kusini ndio walioutoa porini maelfu ya miaka iliyopita, wakichagua shina jema na kulipanda, kizazi baada ya kizazi. Wareno wakauvusha bahari katika karne ya 16. Mola aliumba, waja wake wakatunza.

Kazi hiyo ya kuchagua sasa imo mikononi mwetu. Muhogo twaupanda kwa vipande vya shina; basi batobato na michirizi ya kahawia husafiri humo humo. Ampaye jirani shina alijualo kuwa gonjwa amemfanyia khiana, hata akimpa bure. Na tukague mashina kabla ya kuvuna, majani yangali mtini, kwani yakishapukutika batobato haionekani. Lenye ugonjwa lichomwe moto.