Matibabu Huanza Pale Mgonjwa Alipoangukia

Yafuatayo ni mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wananchi.

 

Nikitaja Ulaya, msidhani nakusudia ng'ambo. Nakusudia kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro. Kata hiyo imo baina ya miji miwili yenye hospitali, Kilosa na Mikumi. Ukitazama ramani, msaada si mbali. Lakini masika yakiingia, njia za vijijini hugeuka tope na mito hujaa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika hata ukaikata reli ya kati.

Mama aliyejifungua, akitokwa na damu nyingi, huweza kufariki katika muda wa saa mbili. Daktari aliye mbali hamfai kitu ikiwa hakuna wa kumfikisha kwake angali hai.

Nasi wa visiwani hatuhitaji kusimuliwa. Ilipozama MV Spice Islander I tarehe 10 Septemba, 2011, wavuvi wa Nungwi walikuwa miongoni mwa waokozi wa mwanzo.

Mpango wa m-mama, uliotangazwa kuwa wa taifa mwaka 2022, umepunguza sehemu ya tatizo hili. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akifikwa na dharura, hupigwa simu nambari 115 bila ya malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa na mpango. Hata hivyo, simu haizuii damu. Kabla ya gari kufika, mwenye kazi ni jirani.

Kwa hivyo wananchi mnaombwa kuzingatia haya:

(a) Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila ya kuachia.

(b) Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asinyonywe sumu; atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali.

(c) Majeruhi wa ajali ya gari asiburutwe, isipokuwa pana hatari ya moto au ya kugongwa tena.

(d) Kila shehia, na kila kijiji, kijue mapema nani ana chombo na nani amefundishwa huduma ya kwanza.

Hospitali ni wajibu wa Serikali. Lakini dakika za mwanzo zimo mikononi mwa aliye karibu, na huenda akawa ni wewe.