Mali Bila Daftari



Lipo neno ambalo mjamaa, bepari na mwanajeshi wote hulitamka jukwaani, na wote hupigiwa makofi. Neno hilo ni "chetu."

Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Mwalimu Nyerere alitaifisha mabenki. Mwaka 1972 Idi Amin, aliyekuwa amempindua Rais Obote na siasa yake ya mrengo wa kushoto, aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Mwaka 1973 Mobutu, kipenzi cha Marekani, aliwapa Wazaire maduka na mashamba ya wageni. Watatu hawa hawakuwa na itikadi moja. Nyerere na Amin walifikia hata kupigana vita. Lakini neno lao liliwaingia watu, kwa sababu kidonda kilikuwapo kweli. Mkulima wa pamba alishika jembe. Mizani na bei vilikuwa mikononi mwa wengine.

Kilichofuata ndicho cha kutufunza. Kampala, maduka waligawiwa wanajeshi na wapambe, na bidhaa zikatoweka. Waliofukuzwa, wengi walizaliwa palepale. Neno "chetu" liliwageuza wageni kwa siku 90. Zaire, vigogo walijigawia mashamba, na haikutimia miaka minne serikali ikaanza kuwarudishia wageni. Nasi Watanzania tusijisahau: mashirika yetu mengi ya umma yalikuwa yetu kwa jina, hasara ikawa yetu kwa vitendo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mtu akikwambia "hiki ni chetu," muulize: ufunguo anao nani? Hesabu anakagua nani? Asipotutendea haki, tutamwondoaje? Asiye na majibu anakuomba ubadilishe bwana tu.

Leo Serikali yetu ina hisa asilimia 16 katika migodi ya dhahabu iliyo chini ya kampuni ya Twiga, kwa ubia na kampuni ya Barrick. Ni hatua, na tuna haki ya kuuliza gawio linakwenda wapi. Lakini ndugu zangu, kuuliza ni mazoea, na mazoea huanzia nyumbani. Mkutano mkuu wa kijiji unapoitishwa kusomewa mapato na matumizi, viti vinabaki vitupu. Tunabishana vijiweni kuhusu dhahabu ya mgodi wa Bulyanhulu, ilhali risiti ya mabati ya zahanati yetu hakuna aliyewahi kuiomba.

Tukaanze na hiyo.