Maji ya Mji Huishia Wapi?



Nimeombwa kueleza tathmini ya athari kwa mazingira katika miradi ya maji ya mjini. Mtu aweza kuuliza: maji ya Jiji la Tanga yatuhusu nini sisi?

Maji hayo ni ya Mto Zigi, ushukao kutoka misitu ya Amani, humu humu wilayani Muheza, na hukusanywa katika Bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978. Udongo unaomomonyoka kandokando ya mto hutuama bwawani. Nafasi ya maji hupungua, na gharama ya kuyasafisha hupanda. Kwa sababu hiyo wakulima wa milimani waliunda umoja wao, UWAMAKIZI, wahifadhi kingo. Hayo husemwa sana. Upande wa chini husemwa kidogo.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma, nasi twapongeza. Lakini mji ukipata maji zaidi hutoa majitaka zaidi. Hesabu hiyo haina ujanja. Nyumba nyingi hutegemea vyoo vya shimo na makaro, na kinachovuja humo, pamoja na maji ya mvua ya mitaroni, hufika baharini. Bahari hiyo, tangu mwaka 2009, ni Hifadhi ya Silikanti, na Kigombe imo ndani yake. Tope huyafifisha matumbawe; majitaka hurutubisha mwani unaoyafunika. Yakifa, changu na chewa hukosa makazi.

Tena mikoko ya mlangoni mwa mto huhitaji maji baridi. Majirani zetu wa Pangani wameona chumvi ikipanda mtoni baada ya maji kupungua kwa matumizi ya juu. Kwa hiyo tathmini inayokomea bwawani na kwenye bomba ni nusu ya kazi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka miradi mikubwa ipimwe kabla ya kuanza, na wanaoathirika wasikilizwe. Kusikilizwa kwahitaji ushahidi. Mvuvi aliyeona changu wakipungua anajua asilolijua mtaalamu wa siku tatu, ila neno tupu halipimiki. Hivyo naomba vikundi vya wavuvi vianze sasa, kabla ya mradi wowote kufika, kuandika tarehe, mahali, uzito wa samaki na rangi ya maji baada ya mvua. Daftari litunzwe ofisi ya kata, na nakala moja ibaki kijijini.